Wivu wa Abdias kwa Mama Mkwe Wake

Mwanamume akimwonea wivu jirani mwenye pikipiki mpya, Butembo itamwelewa. Akimwonea wivu mwimbaji wa kwaya anayemsalimia mkewe kwa tabasamu refu mno, watamwelewa pia, na wapo watakaomletea habari zaidi hata kabla hajauliza. Lakini mwanamume kumwonea wivu mama mkwe, bibi wa miaka sabini na ushei, mwenye meno manne tu juu na gongo mkononi? Hilo huwezi kulisema mbele za watu. Ndiyo maana Abdias hakulisema. Alilimeza, nalo likamkaa tumboni miezi minne.

Abdias ni fundi cherehani. Nyumba yake iko Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, hivi kwamba ndege ndogo ikitua, sindano hutetemeka juu ya meza. Ni nyumba ya chumba kimoja cha kulala na sebule, na sebule yenyewe ndiyo karakana: cherehani mbili, meza ya kukatia, na mabaki ya vikwembe, yaani vitenge, hadi chini ya viti. Mungu hakumpa mtoto. Alimpa Tamar, na Abdias alimshika kama mtu aliyeambiwa hakuna kingine kinachokuja.

Walikutana Beni, Abdias alipokuwa bado anajifunza kazi. Tamar alileta kitambaa ashonewe libaya, blauzi ya kuvalia kikwembe. Aliporudi kulichukua, mkono ulikuwa unabana. Akarekebishiwa, akarudi, bega likawa linavuta. Mara ya tatu kola ilikaa upande. Kasoro zote tatu Abdias alikuwa ameziacha makusudi, na Tamar alijua tangu ile ya kwanza. Miaka kumi na minne ya ndoa ilianzia kwenye libaya lile bovu.

Basi wivu haukuanza na mama mkwe, tusimsingizie bibi wa watu. Abdias alikuwa na wivu tangu zamani. Pasta akimpa Tamar mkono mlangoni mwa kanisa, Abdias alikuwa akihesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, mwachie. Tamar alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwaya ya akina mama, na siku za mazoezi mumewe alikuwa akipata haja ya ghafla ya kupita karibu na kanisa.

Kisha likaja lile donge katika titi la kushoto. Tamar alilinyamazia msimu mzima. Hospitalini wakalikata titi lote, na Abdias akamshonea libaya lenye pamba upande ule, kazi safi kiasi kwamba akina mama wa kwaya walibishana ni titi lipi lililotoka. Mwaka mmoja baadaye ugonjwa ukarudi palepale, ngozi ikafunguka, kidonda kikawa hakifungi. Daktari aliwaambia bila kuzunguka kwamba hapakuwa tena na cha kukata. Warudi nyumbani, kidonda kiwe safi, dawa za maumivu zisikose.

Muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani, Jeannine, mwanamke wa Kasai aliyeletwa huku na kazi ya serikali, ndiye aliyemfundisha Abdias kukiosha: maji yachemke, yapoe, chumvi kidogo, kitambaa kilowe kwanza ndipo kibanduliwe, usivute.

“Papa Abdias,” alimwambia siku ya tatu, “mikono yako iko propre kuliko ya bastagiaires bangu, bale banajifunza kazi. Ungefanya infirmier, vraiment.”

Sifa ile, kwamba ana mikono safi ya uuguzi, ilimwingia Abdias hadi kwenye mifupa. Kwa miezi mitano aliosha kidonda asubuhi kabla ya kufungua cherehani, na alasiri baada ya kuifunga. Na niseme jambo ambalo yeye mwenyewe hatalisema: kulikuwa na furaha ndani yake. Kwaya ilikuwa imeisha. Soko lilikuwa limeisha. Hakuna pasta wa kushika mkono wa mtu mlangoni. Tamar alikuwa wake peke yake, kuanzia asubuhi hadi jioni. Ni vibaya mtu kufurahi hivyo, lakini alifurahi.

Mama Jokébed alifika siku ya mvua. Alitoka Kamango kwenye shamba lake la kakao, akangoja Beni siku mbili hadi magari yaliporuhusiwa kuondoka kwa pamoja kwa ajili ya usalama, akashuka Butembo na mkeka kichwani, kuku mmoja kwapani na magonjwa yake yote ya uzee. Hakuuliza atalala wapi. Alipita moja kwa moja chumbani, akakunjua mkeka kando ya kitanda cha binti yake, akavuta pazia. Kwisha habari ya Abdias.

Maana kwa watu wao, mkwe mwanamume hampi mama mkwe mkono. Hali naye sahani moja. Hamtazami usoni. Na chumba ambamo mama mkwe ametandika, hakiingii, awepo asiwepo. Ukristo umekuja, shule zimekuja, simu zimekuja, lakini mkeka wa mama mkwe bado ni mkeka wa mama mkwe. Abdias alilelewa hivyo. Angeweza kugombana na mkuu wa soko, asingeweza kuvuka mkeka ule.

Tangu siku hiyo akalala sebuleni, chini ya meza ya kukatia. Mama Jokébed naye, kwa kuwa haifai kumsemesha mkwe uso kwa uso, alikuwa akisimama mlangoni mwa pazia, kikwembe kimefunika kichwa, akaisemesha cherehani.

“Mashini, ambia mwenye wewe kama makala ya kupikia imeisha.”

Na Abdias, macho yakiwa kwenye mshono, alimjibu kupitia cherehani ileile. “Mashini, ambia mama kama makala iko nyuma ya mulango.”

Majirani walicheka wakasema nyumba ile ina adabu. Adabu ilikuwepo. Nyuma ya adabu, Abdias alikuwa anaungua.

Siku ya nne alisikia Tamar anacheka. Si kile kicheko kidogo cha kumpooza mume. Alicheka hasa, akakohoa, akacheka tena. Abdias hakuwa amekisikia kicheko kile tangu Pasaka. Akasimamisha mguu kwenye pedali ili asikie wanacheka nini, na cherehani iliponyamaza, nao wakanyamaza. Akaanza kushona tena, wakaanza kucheka tena. Alijua kwa hakika, kama mwenye wivu anavyojua mambo, kwamba wanamcheka yeye.

Uji je? Alipokuwa akiupika yeye, Tamar alikunywa vijiko vitatu akageuza uso. Sasa kikombe kilitoka kitupu. Abdias alikichukua akakiinamisha kwenye mwanga akitafuta hata tone lililobaki, kama askari anayetafuta nyayo za mwizi. Hakupata. Badala ya kumshukuru Mungu kwamba mkewe amekula, alikiosha kikombe kwa nguvu hadi mpini ukakatika.

Kazi nayo iliharibika. Katika sare za kwaya, libaya moja alilishonea mikono miwili ya kushoto. Wateja walimsamehe. “Muzigo ya bibi yake iko nguvu,” walisema, na bibi kwao maana yake mke. Hawakujua mzigo wenyewe ulikuwa na meno manne.

Alikwenda mpaka kwa shemasi Ananie, kusudi amwulize kama kanisa haliwezi kutangaza kwamba desturi hii ya mkeka imepitwa na wakati. Akakaa, akapewa chai, akakohoa. Maneno yakagoma. Mwanamume mzima amwambie shemasi kwamba anamwonea wivu kizee? Mwishowe akazungumzia bati la kanisa linalovuja, akatoka pale akiwa amejitolea kulipanda na kuliziba.

Akiwa juu ya bati lile ndipo alipopata shauri. Alikuwa ameona mama Jokébed akichemsha majani fulani kwenye mbabula, lile jiko la makaa, yale yaliyotoka naye Kamango. Majani! Kwenye kidonda cha mtu! Abdias akahisi moyo unapata nguvu, kwa sababu sasa wivu ulikuwa umepata koti la kuvaa: haukuitwa tena wivu, uliitwa usafi. Akashuka, akaenda mbio hadi kwa Jeannine.

“Madame Jeannine, mama mukwe anaweka mayani kwa kidonda. Mutu atakufa mbele ya siku yake. Unapashwa kumukataza. Unapashwa hata kumurudisha kwabo.”

Jeannine alikuja mchana uleule. Akaingia nyuma ya pazia, akakaa sana. Abdias alisimama karibu na meza, mkasi mkononi, masikio yamesimama. Alimngoja atoke amekunja uso.

Alitoka anatabasamu. “Papa, ile mayani anakunywaka yeye mwenyewe, juu magoti yake inauma. Kidonda iko bien propre. Hata mi nisingefanya bora. Maji ya kuchemsha, chumvi kidogo, analoweshaka kwanza, ya kutosha. Nilimuuliza nani alimufundisha. Anasema Tamar anamuonyeshaka namna ulikuwa unafanya wewe.”

Abdias aliinama akajifanya anaokota pini. Hata hiyo wamechukua, alijisemea. Mke wangu wamechukua, chumba wamechukua, na kazi ya mikono yangu Tamar ameichukua ameigawa kama nguo kuukuu. Wivu ni kidonda, waliosema hivyo hawakukosea, na chake yeye hakikuwa na wa kukiosha.

Jumapili iliyofuata, mama Jokébed alikwenda kanisani. Akina mama wa kwaya walikuja kumchukua, wakamshika mikono huku na huku. Abdias alibaki kulinda nyumba. Alisikia wimbo wa kwanza ukianza kule mbali, na pazia lilikuwa limetulia. Alikaa. Akasimama. Akakaa. Kisha akafanya jambo ambalo babake asingelifanya hata nyumba ikiwaka moto: aliinua pazia, akauvuta mkeka wa mama mkwe, akaukunja kwa mikono yake mwenyewe, akauegemeza kwenye ukuta wa sebule, akaingia.

Tamar alikuwa amekonda kuliko alivyomdhania kwa kusikia sauti tu. Alipomwona alivuta shuka hadi kidevuni.

“Toka, Abdias. Mama atasema nini?”

“Aseme. Hii ni chumba yangu.” Alitaka kusema kwa ukali, ikatoka kama ombi. “Miezi ine, Tamar. Miezi ine niko nasikia tu sauti. Unacheka na yeye. Unakula ya kwake. Mi niko na wivu. Unasikia? Niko na wivu ya mama yako. Mama muzee!”

Tamar alimtazama, kisha akaanza kucheka, na kucheka kukamwumiza, akashika ubavu. “Kwanza pasta. Sasa mama. Kesho utakuwa na wivu ya kuku.”

“Usinicheke. Nani alimuita huku? Miye sikumuita.”

Kicheko kikaisha. Tamar aligeuza uso dirishani.

“Ni miye,” alisema. “Nilimuita kwa telefone, siku ulienda kutafuta bitambaa. Nilimuambia: kuya, utandike mukeka yako karibu na kitanda. Nilijua hautavuka mukeka ya mama.”

Abdias alikaa chini bila kuangalia anakalia nini. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wowote isipokuwa huo. Siku zote hizo alimchukia kizee kwa kumfungia mlango, kumbe aliyeufunga ni Tamar, na kizee alikuwa kufuli tu.

“Nilikukosea nini?”

“Ulikuwa unafunga pumzi.” Tamar alisema polepole, kwa sauti ya mtu aliyelirudia neno mara nyingi akiwa peke yake. “Kila mara unafungula pansement ya kidonda, unafunga pumzi. Nilikuwa nahesabu. Mpaka makumi ine, makumi tano. Nikasema, bwana yangu hawezi tena hata kupumua karibu na miye. Afazali asione tena. Afazali akumbuke ule Tamar wa Beni.”

Mtu mwingine angeapa kwamba si kweli. Abdias alitafuta ukweli kwanza, na ulimchukua muda.

“Tamar, miye ni mushonaji,” alisema. “Mi nikipitisha uzi kwa shindano, pumzi inasimama. Nikikata kitambaa ya bei, pumzi inasimama. Kazi ikikuwa ndogo, mukono ikihofia kuharibu, pumzi inasimama yenyewe, siiambiake. Ulinionaka miaka kumi na ine kwa mashini, haukuona hiyo?”

Tamar aliitazama mikono ya mumewe.

“Na harufu?” aliuliza.

“Harufu ilikuwako,” alisema Abdias. “Sitakudanganya. Ilikuwako, na nilikuwa nakuya tu. Na leo nimekuya.”

Tamar alilia kidogo, kimya, kisha akashusha shuka mwenyewe. Abdias alikwenda kuleta maji ya moto kwenye mbabula, akanawa mikono mpaka viwiko, akapiga magoti kando ya kitanda. Alilowesha kitambaa, akakingoja. Alipoanza kukibandua, alipumua kwa sauti, kwa pua na mdomo, kama ng’ombe anayepanda mlima, kusudi Tamar asikie. “Acha basi,” alisema Tamar. “Fanya tu vile unafanyaka.”

Walikuwa katikati ya kazi hiyo waliposikia gongo kwenye sakafu ya sebule. Ibada ilikuwa imeisha. Gongo lilifika hadi kwenye pazia, likasimama. Mama Jokébed alikuwa ameuona mkeka wake umeegemezwa ukutani.

“Nani iko ndani?” aliuliza, ingawa alijua.

“Ni bwana yangu, mama,” alijibu Tamar.

Kisha gongo likarudi nyuma hatua tatu, na kiti cha fundi kikalia kwa kukaliwa. Hakugusa chombo. Abdias aliendelea kufunga kidonda, na nisimpambe: alifunga polepole kuliko ilivyohitajika, kwa utamu wote wa mtu aliyelipiza kisasi. Aliulizia kitu kidogo, Tamar akajibu kwa mzaha, wote wawili wakacheka. Na kule nje, cheko lilipokwisha, aliusikia ukimya wa kizee. Ulikuwa ukimya wa mtu aliyesimamisha kila kitu ili asikie wanacheka nini. Abdias aliujua ukimya ule vizuri, alikuwa ameukalia miezi minne kwenye kiti hichohicho. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yule mzazi alikuwa amevuka Beni na hatari zake zote ili akae kando ya kitanda hiki. Utamu ukamtoka mdomoni.

Alimtazama Tamar. Tamar akainua nyusi, kwa maana ya fanya wewe.

“Mama,” aliita Abdias, si kupitia cherehani. “Ingia.”

“Kuko heshima, mukwe.”

“Heshima tutafanya huko inje. Humu kuko mugonjwa.”

Bibi aliingia kinyumenyume, kikwembe kimemfunika mpaka kifuani, akipapasa kwa gongo kama kipofu, akakaa pembeni uso ukiwa ukutani, akanyoosha mkono mmoja nyuma mpaka ukapata mguu wa bintiye. Akaushika. Hakuuachia mpaka mchana ulipoisha.

Msidhani walipendana tangu hapo. Walishindana. Abdias akiamka kuchemsha maji, alikuta yamechemka. Kesho yake akaamka mapema zaidi, akakuta bibi ameketi kando ya mbabula isiyo na moto, akilinda kibiriti. Akina mama wa kwaya walipoleta supu, wakwe hao wawili walipokezana bakuli kwa kunyang’anyana, mmoja akitazama mlango, mwingine akitazama dari, maana kutazamana bado ilikuwa mwiko. “Nilikuwa na ugonjwa moja,” alisema Tamar kumwambia Jeannine, “sasa niko na tatu.” Lakini alikuwa akinywa uji wa wote wawili, vijiko sawa kwa sawa, akiwahesabia kwa sauti asije akaleta vita.

Wiki ya sita tangu Jumapili ile, siku ya Alhamisi kabla ya saa sita mchana, maji yaliisha nyumbani. Abdias alichukua bidoni mbili akaenda bombani. Foleni ilikuwa ndefu, na alikasirika nayo, kwa sababu kila dakika ya foleni ilikuwa dakika ya mama mkwe. Aliporudi alimkuta mama Jokébed amesimama nje ya mlango. Kikwembe kilikuwa kimeanguka mabegani na hakukiokota. Nywele zake nyeupe zilikuwa wazi mbele ya mkwe.

“Amekwenda,” alisema.

Abdias aliziweka bidoni chini. Baadaye aliona aibu kwamba hakusali kwanza, hakulia kwanza. Aliuliza.

“Alisema kitu?”

“Aliita.”

“Aliita nani?”

Hapakuwa na mtu mwingine nyumbani. Bibi angeweza kusema lolote, na neno lake lingebaki kuwa ndilo, mpaka Yesu arudi. Midomo yake ilifunguka, ikajifunga, ikafunguka tena.

“Aliita wewe,” alisema. “Nilimuambia, mama yako niko hapa, nimekushika. Akaita wewe tena.”

Abdias alidhani anafarijiwa. Ndipo akainua macho, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, akamtazama mama mkwe usoni, atafute uongo wa huruma. Hakuuona. Aliona wivu, uleule aliokuwa anaujua kila pembe yake, umekaa wazi katika macho ya yule mama, haujifichi. Akajua ni kweli.